Kuchana Ukuta

Mbona kitana kimekatika nusu, nilimuuliza mavyaa
mwaka ule nilipoolewa Barkatola.
Akacheka bila kuinua uso:
Kitana kizima ni cha nywele.

Alikuwa amekandika kiambaza kwa udongo mweusi,
mweusi kama tako la chungu,
akauacha ukauke,
kisha juu yake akapitisha kitambaa
kilichochovywa udongo mweupe, mzito kama mtindi.
Hapo hapana mazungumzo.
Udongo mweupe haumsubiri mtu.
Vidole vinne, na meno saba ya kitana,
kwaru, kwaru,
weusi ukachungulia kutoka chini:
mgongo wa tembo, mkia wa tausi,
samaki aliyemeza samaki,
mianzi iliyopanda hadi kwenye boriti.
Hakuchora. Alikwangua.
Kilichokuwamo kikatoka.

Katika chumba hicho nililala fungate yangu
na mwanamume ambaye sikuwahi kumwona uso mchana.
Niliogopa. Nikageukia ukutani,
nikahesabu mistari ya tembo
hadi usingizi ukanionea huruma.
Asubuhi mavyaa akaninong'oneza: Ilikuwa mingapi?
Kumbe naye aliwahi kuhesabu, zamani,
tembo wa mwanamke mwingine.

Sasa mwanangu Tejlal anaoa.
Anapakia makaa kwenye malori ya mgodi,
na kwa mshahara huo amejenga vyumba viwili vya saruji,
paa la bati, namba ya serikali mlangoni kwa rangi ya bluu.
Hakuna mchwa, Mama. Hakuna kuvuja.
Ni kweli. Kila mvua zikiisha nimekandika,
miaka thelathini na mmoja;
mgongo wangu unamwelewa.

Lakini Jhalo, mavyaa wangu, macho yake yamekwisha fumba.
Nyumba yeye huisoma kwa kiganja.
Aliingia, akapapasa kulia, akapapasa kushoto,
akasimama katikati kama mtu aliyeshushwa kituo sicho.
"Hapa ni wapi?"

Tukaenda kutafuta udongo mweupe.
Ukingo wenyewe haupo, mgodi umeula,
limebaki shimo la maji ya kijani
na ubao wa kutukataza.
Tukaupata kwa Karmi, mjane wa ng'ambo:
debe moja, kwa tetea mmoja.

Saruji haina kiu.
Tulipaka, ukateleza.
Tukapaka tena, kwa samadi na maji ya wali,
ukashika kwa kinyongo.
Jhalo akaomba aketishwe karibu.
Nikampa nusu ya kitana, ile ile,
meno matano sasa.
Mkono wake haukuuliza njia.

Usiku wa harusi nilisikia udongo ukibanduka,
po, po,
kama kunde zinazodondoka jikoni moja moja.
Sikulala.

Asubuhi tembo alikuwa amebaki nusu:
masikio, mkonga, mguu mmoja wa mbele.
Tejlal alisimama mlangoni, hakusema kitu,
akayakwepesha macho kama aliyevunja chungu cha watu.
Naye Phaguni, mkamwana wangu,
akatoka kichwa kimetapakaa weupe,
vipande nyweleni, kipande kwenye nyusi,
akaketi kizingitini, akaanza kujichana
kwa kitana cha plastiki cha sokoni, cha waridi, kizima.

Jhalo akausikia mlio wa meno.
Akanyoosha mkono, akausimamisha.
"Usimalize," akasema. "Kwanza nipapase."
Na vidole vyake vikaingia polepole katika nywele zile,
vikiutafuta mguu wa pili wa tembo.